Wasomaji Wanauliza: Kamera, Leza na Modeli Inayojifunza

Barua nyingi zilizofika safari hii zinazungumzia jambo moja: kutumia ujifunzaji wa mashine, yaani programu (modeli) inayojifunza kutokana na mifano, kuiangalia leza inapochonga, inapotoboa au inapochomelea, na ikiwezekana kuielekeza ikiwa kazini. Tumechagua sita. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Swali: Wahariri, salaam. Tunachonga mifereji midogo kwenye chuma cha pua kwa leza ya femtosekunde (inayopiga kwa mipigo mifupi mno) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1030. Mwale ukihama kidogo au fokasi (pale mwale unapobanwa kuwa mwembamba kabisa) ikipotea, tunakuja kugundua kazi imeshaharibika. Kamera tunayo, inatazama kupitia lenzi ile ile ya leza. Tuanzie wapi ili modeli itushtue mapema?
*Fundi wa michongo midogo*

Jibu: Modeli isubiri kwanza. Anzeni kwa kuijua leza yenu kwa namba, kwa sababu ni namba hizo hizo mtakazoifundishia modeli. Zikiwa za kukisia, nayo itakisia, tena kwa kujiamini.

Chukueni bamba lililong'arishwa na kusafishwa vizuri. Pigeni vishimo vya mpigo mmoja mmoja kwa nishati tofauti: mikrojuli 2, 3, 5, 8, 12 na 20, kila nishati vishimo kumi. Pimeni vipenyo kwa hadubini, tafuteni mraba wa kila kipenyo, kisha mchore grafu ya mraba huo dhidi ya logi asilia ya nishati. Mwale wenye umbo la kengele hutoa mstari ulionyooka, na mteremko wake ni mara mbili ya mraba wa nusu kipenyo cha mwale. Mkipata mteremko wa mikromita za mraba 450, basi nusu kipenyo ni mikromita 15. Mstari ukirefushwa hadi unapogusa sifuri, hapo ndipo penye nishati ya kizingiti, ile ambayo chini yake chuma hakichongeki. Tuseme mmepata mikrojuli 0.5: msongamano wa nishati katikati ya mwale unakuwa juli 0.14 kwa sentimita ya mraba, namba inayoaminika kwa chuma. Mkipata kitu kama juli 2, kagueni kipimanguvu kabla ya kulaumu chuma.

Kizingiti hicho ni cha mpigo mmoja. Mipigo ikirudia pale pale kizingiti hushuka, kwa hiyo rudieni zoezi kwa mipigo 10 na 100. Kazi yenu ya kawaida haiko kwenye mpigo mmoja: leza ikipiga mara 200,000 kwa sekunde huku mwale ukienda mita 1 kwa sekunde, mpigo hadi mpigo ni mikromita 5, na mwale wa kipenyo cha mikromita 30 hupiga kila sehemu takriban mara sita.

Sasa fokasi. Kwa mwale ulio safi wa nusu kipenyo cha mikromita 15, ukisogea milimita 0.7 hivi kutoka kwenye fokasi, msongamano wa nishati unakuwa nusu. Mkibana mwale hadi nusu kipenyo cha mikromita 5, umbali huo unabaki mikromita 76 tu. Hapo ndipo wengi wanapoumia: wamebadili lenzi wapate mfereji mwembamba, lakini bamba wanalifunga kwa vibano vile vile vya zamani vinavyoliacha limepinda.

Tuje kwenye kamera, maana kamera kutazama kupitia lenzi ya leza kuna mtego wake. Lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya nanomita 1030 haikusanyi mwanga wa buluu mahali pale pale inapokusanya mwale wa leza. Mkiangaza kwa taa ya nanomita 450 na kurekebisha meza hadi picha iwe kali, yaelekea mmeshaiondoa leza kwenye fokasi. Kwa hiyo itafuteni fokasi ya leza kwa vishimo: pigeni safu ya vishimo mkipandisha meza mikromita 20 kila mara, mchague urefu wenye vishimo vidogo na vya mviringo zaidi pale nishati inapokaribia kizingiti. Kisha isogezeni kamera yenyewe, au lenzi iliyo mbele yake, hadi picha iwe kali bila kugusa urefu wa meza. Fungeni skrubu na mtie alama ya rangi, ili mtu akiigusa ionekane.

Mbele ya kamera wekeni vichujio viwili. Kimoja kizuie kabisa rangi ya leza, maana mwale unaorudi kutoka kwenye chuma kinachong'aa unatosha kuua kihisi cha kamera. Cha pili kipitishe rangi ya taa yenu peke yake, ili mwako wa plazma (gesi ya moto inayong'aa pale leza inapopiga) usifunike picha. Kamera ifunguke kwa ishara inayotoka kwenye leza, si kwa saa yake yenyewe. Mkitaka uso wa chuma usio na moto wala moshi, piga picha kabla tu ya mpigo unaofuata, au mwisho wa kila mstari. Mkitaka plazma, ambayo nayo ina habari zake, fungueni kamera mpigo unapofika. Msichanganye picha za aina hizi mbili katika fungu moja.

Kukusanya data ni kazi ya siku chache ikipangwa vizuri. Badilisheni vitu vinne kwa makusudi: nishati (asilimia 80 hadi 120 ya kawaida), urefu wa fokasi (juu na chini), kuhama kwa mwale kushoto na kulia, na idadi ya mipigo. Mpangilio uwe wa kuchanganya kama karata. Mkipiga nishati ndogo zote asubuhi na kubwa zote jioni, modeli itajifunza joto la chumba na vumbi la lenzi, nanyi mtadhani imejifunza nishati. Picha elfu tatu hadi elfu tano zinatosha kuanzia, iwapo mtatumia mtandao wa neva (modeli yenye tabaka nyingi za hesabu) uliokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida na kuufunza upya tabaka zake za mwisho.

Jibu la modeli liwe namba: mwale umehama mikromita ngapi, fokasi iko juu au chini kwa mikromita ngapi. Neno "mbaya" halimwambii fundi azungushe skrubu ipi. Kuna tatizo moja hapo: mwale mkamilifu huonekana sawa ukiwa juu ya fokasi au chini yake, na modeli haitaweza kutofautisha. Wengine huongeza lenzi ya silinda kwenye njia ya kamera ili doa lirefuke kwa mlalo likiwa upande mmoja wa fokasi na kwa wima likiwa upande mwingine. Ni dawa rahisi, na sisi tunaipendelea kuliko kuongeza picha elfu kumi.

Swali: Modeli yangu ya kutambua kasoro ilifikia usahihi wa asilimia 99 kwenye majaribio. Wiki iliyofuata ikawa inakosea ovyo. Leza ni ile ile na chuma ni kile kile. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa uhandisi*

Jibu: Hukutueleza uligawaje picha zako, lakini twaweza kukisia: ulizichanganya zote, ukatoa asilimia 20 za kupimia. Kamera inayopiga fremu mia kadhaa kwa sekunde hutoa fremu jirani zinazofanana mno. Moja ikiingia kwenye mafunzo na jirani yake kwenye upimaji, modeli inafanya mtihani ambao majibu yake imeshayaona. Gawanya kwa bamba, kwa siku na kwa shehena ya malighafi: bamba zima liwe la mafunzo au zima liwe la upimaji. Usahihi utaporomoka, pengine hadi 85. Hiyo 85 ndiyo alama yako halisi, na ndiyo uliyoiona wiki iliyofuata.

Pili, usahihi wenyewe ni kipimo kibovu kwa kazi hii. Tuseme kati ya vipande 1,000, kasoro ziko kwenye vitano. Modeli inayosema "vyote vizuri" bila kutazama chochote inapata asilimia 99.5. Uliza maswali mawili: kati ya vibovu, imekamata vingapi? Na kati ya ilivyovikataa, vingapi kweli ni vibovu? Andika namba hizo mbili kila unapotoa taarifa.

Usikimbilie kufurahi ikikamata vibovu vyote. Ikiwa vibovu vya upimaji vilikuwa 30 na vyote vimenaswa, kitakwimu bado inawezekana kwamba modeli inaachia kibovu kimoja katika kila kumi. Kanuni ya mkato ni 3 gawanya kwa idadi ya vibovu ulivyopima. Ili udai kwamba haiachii zaidi ya asilimia 1, pima vibovu kama 300 bila kukosa hata kimoja. Hivyo hutavipata kwa kusubiri vitokee. Itabidi uvitengeneze, kama tunavyoeleza katika jibu linalofuata.

Tatu, tazama modeli ilikuwa inatazama wapi. Ziba sehemu moja moja ya picha kwa mraba wa kijivu uone jibu linabadilika ukiziba wapi. Likibadilika ukiziba kona yenye mwakisiko wa taa, badala ya ukingo wa mfereji, umepata ugonjwa. Mara nyingi ni mwangaza wa taa uliotofautiana kati ya siku ya kupiga picha za vizuri na siku ya vibovu.

Na mwisho, leza haikuwa ile ile. Kioo cha kinga kilicho mbele ya lenzi hupata madoa ya mvuke wa chuma. Madoa hunyonya mwanga, kioo kinapata joto, na joto hilo huisogeza fokasi kazi ikiendelea. Kila asubuhi piga vishimo kumi kwa nishati isiyobadilika kwenye bamba moja la rejea, upime vipenyo. Vikibadilika kwa zaidi ya asilimia 5, safisha au badilisha kioo kwanza, ndipo uguse modeli. Modeli ikifundishwa upya kwa data ya kioo kichafu, utakapokisafisha itakosea tena.

Swali: Tunachomelea vipande vyembamba vya shaba kwa leza ya nyuzi ya nanomita 1070. Muuzaji mmoja anasisitiza kamera, mwingine fotodaiodi. Kipi kinafaa kukamata kiungo kisichoshika?
*Msimamizi wa uchomeleaji*

Jibu: Kwa kiungo kinachokamilika ndani ya milisekunde 60, anzeni na fotodaiodi, vihisi vidogo vinavyopima wingi wa mwanga bila kutoa picha. Ni rahisi, zina kasi, na data yake ni nyepesi. Wekeni tatu kwenye njia moja na mwale, kila moja na kichujio chake: ya kwanza ione mwanga wa mvuke na plazma, nanomita 400 hadi 600, ya pili ione mwanga wa leza unaorudi, ya tatu ione joto, nanomita 1100 hadi 1700 hivi, na hiyo iwe ya indiamu-galiamu-aseniki, kwani silikoni haioni huko.

Shaba baridi hunyonya takriban sehemu 5 tu kati ya 100 za mwanga wa leza hii, nyingine zote hurudi. Ikishayeyuka na shimo la mvuke likafunguka, unyonyaji hupanda ghafla. Kwa hiyo ishara ya mwanga unaorudi huwa na kilele mwanzoni kisha huporomoka. Kilele kikichelewa au kikirejea katikati ya kiungo, kuna jambo. Amplifaya (kikuza ishara cha fotodaiodi) irekebishwe kwa kilele hicho: kiungo kizuri kifike asilimia 60 hadi 70 ya upeo wake. Ikigonga dari, ncha ya kilele inakatwa, na habari mliyoitaka imekatwa nayo.

Rekodini sampuli 50,000 kwa sekunde au zaidi. Shimo la mvuke hutikisika mara maelfu kwa sekunde, na mkirekodi polepole mtikisiko huo utajigeuza kuwa mawimbi ya uongo ya chini. Rekodini pia, kwenye kifaa hicho hicho, ishara inayowasha leza, ili kila kiungo kianze kuhesabiwa kutoka sifuri moja. Milisekunde 60 zinatoa nukta 3,000 kwa kila fotodaiodi. Zikateni vipande vya nukta 250, na kwa kila kipande mtoe wastani, mtawanyiko na nguvu ya mtikisiko katika mikanda mitatu minne ya masafa. Msitu wa miti ya maamuzi unaolishwa namba hizi mara nyingi hautaachwa mbali na mtandao mkubwa wa neva, na faida yake ni kwamba fundi anaweza kuona ni namba ipi iliyofanya kiungo kikataliwe.

Kasoro zitengenezeni wenyewe. Wekeni karatasi ya chuma ya milimita 0.1 kati ya vipande viwili, kisha 0.2, kuiga mwanya. Punguzeni nguvu kwa asilimia 10, sogezeni fokasi milimita 1, pakeni alama ya mafuta ya kidole. Kila namna tengenezeni viungo 40. Lebo isitolewe kwa macho: vuteni kiungo kwa mashine hadi kikatike na mwandike nguvu kwa nyutoni, na vichache vikateni, mving'arishe, mpime kina. Mwanya ndio mkorofi kuliko wote. Juu panaonekana pazuri kabisa, chini hakuna kilichoshikana. Kamera ya juu haitauona, lakini ishara ya joto mara nyingi hubadilika, kwa kuwa bamba la juu limekosa pa kupelekea joto lake.

Kamera itafaa baadaye, mkitaka kujua mwale umeangukia wapi kwenye kipande kabla ya kupiga. Hiyo ni kazi tofauti.

Swali: Je, modeli inaweza kubadilisha nguvu ya leza yenyewe, kazi ikiendelea?
*Wasomaji watatu wameuliza*

Jibu: Inaweza. Hesabuni kuchelewa kwanza. Kamera kufunguka milisekunde 0.2, picha kusafiri 1.5, modeli kufikiri 3, amri kufika kwenye leza 0.8: jumla 5.5. Mwale ukienda milimita 150 kwa sekunde, umeshasogea milimita 0.8 kabla ya marekebisho kufika. Kasoro yenu ikiwa na urefu wa milimita 0.3, mnaifukuza ikiwa imeshapita. Kwa matatizo yanayokuja taratibu, kama kioo kuchafuka au bamba kupata joto, kuchelewa huko si neno. Kwa tone la chuma lililoruka, hakuna kamera ya kawaida itakayowahi. Rekodini mahali lilipotokea ili pakaguliwe.

Wiki za mwanzo modeli itoe ushauri unaoandikwa tu, bila kugusa leza. Linganisheni ushauri na vipimo vya kazi iliyotoka. Ikistahili kuaminiwa, ipeni kamba fupi: isizidishe wala kupunguza nguvu kwa zaidi ya asilimia 5, na isibadilishe kwa zaidi ya asilimia 1 kila hatua. Mipaka hiyo iwekwe kwenye kidhibiti cha mashine, nje ya programu ya modeli. Na modeli ijue kunyamaza: picha ikiwa tofauti sana na zote ilizofundishiwa, irudishe mashine kwenye mpangilio wa kawaida na kuwasha taa ya onyo. Bila hivyo, siku kamera itakapofunikwa na moshi, modeli itasoma moshi kama nishati ndogo, itapandisha nguvu, moshi utaongezeka, nayo itapandisha tena.

Swali: Tukipata malighafi mpya tunapoteza siku nzima kutafuta mpangilio. Modeli inaweza kufupisha?
*Mmiliki wa karakana*

Jibu: Hapa ndipo faida huonekana mapema zaidi, na hamhitaji kamera wala mtandao wa neva. Nguvu, kasi, masafa ya mipigo na fokasi, kila kimoja kwa ngazi tano, ni majaribio 625. Badala yake pigeni 15 yaliyotawanywa katika eneo zima, mpime matokeo kwa namba moja (kwa mfano kina ukitoa adhabu ya ukali wa kingo), kisha mtumie utafutaji wa Bayes. Modeli hukadiria matokeo ya sehemu ambazo hazijajaribiwa pamoja na wasiwasi wake, na kuchagua jaribio linalofuata pale penye tumaini au penye giza. Mara nyingi majaribio 40 hadi 60 hutosha. Rudieni mpangilio mmoja mara tano mwanzoni ili mjue matokeo yanayumba kiasi gani yenyewe. Msipofanya hivyo modeli itafukuza kelele.

Kazi kubwa ni kuchagua ile namba moja. Mkisahau kuadhibu ukali wa kingo, modeli itawaletea mfereji wenye kina kizuri na kingo zilizochanika, na itakuwa imetii.

Swali: Kompyuta kubwa ni lazima? Na je, modeli inaweza kuzima leza mkono wa mtu ukiingia?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Kompyuta kubwa si lazima. Kufunza picha elfu tano kwa kadi ya grafiki ya kawaida ni suala la saa chache au chini ya hapo, na kwa ishara za fotodaiodi kompyuta ya mezani inatosha bila kadi. Diski ndiyo huwaumiza watu: fremu za pikseli 640 kwa 480, rangi ya kijivu, 500 kwa sekunde, zinajaza takriban megabaiti 150 kila sekunde. Hifadhini kila kitu wakati wa mafunzo. Baada ya hapo, bakisheni fremu zenye mashaka na sampuli chache za kawaida.

Swali la pili: hapana, kabisa. Leza hizi ni za daraja la 4, lenye hatari kubwa kuliko yote. Hata mwanga uliotawanyika kutoka kwenye chuma unaweza kuharibu jicho, na hauonekani. Kuzima leza ni kazi ya swichi za mlango na saketi ya dharura iliyounganishwa kwa waya moja kwa moja na leza, isiyopitia kompyuta yoyote. Modeli ikiona mkono, mlango ulikuwa umeshafunguka na leza ilipaswa kuwa imezimika tayari. Ikiwa haikuzimika, isimamisheni mashine, na isiwashwe hadi swichi ya mlango ipimwe.